Laini Inayosikika Vizuri Lakini Haipitishi Taarifa

Miongoni mwa malalamiko yaliyotufikia lipo moja ambalo tumeona vyema kulieleza kwa kirefu, kwa sababu pande zote tatu zilizohusika zilikuwa zikisema kweli. Mwenye duka la dawa alikuwa na king'ora kilichofungwa miaka mingi iliyopita na kampuni ya ulinzi. Mlango ukivunjwa usiku, kisanduku cha king'ora kilipaswa kupiga simu chenyewe, kwa laini ya mezani ya duka, hadi kwenye kituo cha kampuni hiyo, na walinzi wangetumwa mara moja. Kisha mtoa huduma wa simu akaondoa waya wa shaba mtaani hapo na kuleta laini ya faiba. Fundi alipomaliza kazi aliinua mkono wa simu, akampigia mwenzake, wakasikilizana vizuri kuliko ilivyokuwa zamani, na mteja akatia saini kwamba ameridhika.

Miezi mitatu baadaye duka lilivunjwa. Kisanduku kilipiga simu. Mashine ya kampuni ya ulinzi iliipokea. Taarifa haikufika. Mwenye duka aliamshwa na jirani alfajiri, akaenda akakuta rafu ziko wazi.

Mtoa huduma alieleza kwamba laini ni nzima, akaleta vipimo vya kuthibitisha. Kampuni ya ulinzi ilieleza kwamba kisanduku ni kizima. Ilikifunga kwenye laini ya shaba ya jengo jingine na kikafanya kazi bila kusita. Mwenye duka alileta stakabadhi za pande zote mbili, zilizolipwa kila mwezi bila kukosa. Ilituchukua muda kubaini kwamba tatizo lilikuwa katika mkutano wa vitu viwili ambavyo kila kimoja, peke yake, hakikuwa na kasoro. Mtumiaji anayefahamu jambo hili mapema anaweza kujiepusha na hasara kama hiyo kwa kuuliza maswali machache kabla ya kubadilishiwa laini.

Huenda msomaji akadhani kwamba habari hii haimhusu, kwa kuwa simu za mezani nchini ni chache sana zikilinganishwa na za mkononi. Ni kweli kwamba ni chache. Hata hivyo, zilizobaki nyingi ziko mahali ambapo ukimya una gharama: zahanati, hoteli, matawi ya benki, maduka yenye king'ora, majengo marefu yenye lifti. Anayepanda lifti ya jengo asilolimiliki hutegemea kitufe cha dharura ambacho hajui kimeunganishwa na nini.

Kifaa kinachozungumza kwa milio

Laini ya simu ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Hupitisha mitetemo ya kati ya takriban 300 na 3,400 kwa sekunde, na iliyo chini au juu ya hapo huachwa. Kiwango hicho kinatosha mtu kumtambua nduguye na kuelewa anachosema. Kifaa cha elektroniki, kwa upande wake, hakina sauti; kina sifuri na moja tu. Modemu ni mkalimani wa pande hizi mbili. Hugeuza sifuri na moja kuwa milio inayoweza kupita katika laini ya sauti, na upande wa pili modemu nyingine huigeuza milio hiyo kuwa sifuri na moja tena.

Namna iliyo rahisi zaidi ni kuupa kila upande milio miwili. Katika kiwango cha kimataifa kiitwacho V.21, modemu inayopiga simu hutoa mlio wa mitetemo 980 kwa sekunde inapotaka kusema moja, na 1,180 inapotaka kusema sifuri. Inayopokea hutumia 1,650 na 1,850. Kwa kuwa milio ya upande mmoja iko mbali na ya upande wa pili, zote mbili zinaweza kusema kwa wakati mmoja bila kuvurugana, jambo ambalo sisi wanadamu hatuliwezi. Kasi yake ni biti 300 kwa sekunde. Marekani ilikuwa na namna yake iliyotangulia, Bell 103 ya mwaka 1962, yenye kasi hiyo hiyo lakini milio tofauti. Ving'ora vingi duniani hutumia mojawapo ya namna hizo mbili hadi leo.

Hatua iliyofuata ilikuwa V.22, ambayo hufikia biti 1,200 kwa sekunde. Hapa mlio haubadilishwi ukubwa wala unene wake. Kinachobadilishwa ni mwanzo wa wimbi, yaani wimbi hurukishwa robo, nusu au robo tatu ya mzunguko wake, au huachwa liendelee, na kila badiliko hubeba biti mbili. V.22bis, ya mwaka 1984, hubebesha kila badiliko biti nne na kufikia 2,400. Kwa mizani ya leo kasi hizi zote ni ndogo mno. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya mkononi, yenye ukubwa wa megabaiti mbili, ingechukua karibu saa mbili kupita katika modemu ya 2,400.

Kwa nini basi kasi ndogo

Swali hili tumeulizwa mara nyingi, na jibu lake huwashangaza wengi: kwa ujumbe mfupi, modemu ya kasi ndogo humaliza kazi mapema kuliko ya kasi kubwa.

Chukua mashine ya kadi ya dukani inayotumia laini ya mezani. Mteja anapolipa, mashine hutuma namba ya kadi, kiasi cha fedha, namba ya duka na alama chache za uhakiki. Tuseme jumla ni herufi 150. Kila herufi, pamoja na alama za mwanzo na mwisho wake, huchukua biti kumi. Kwa kasi ya 1,200 ujumbe huo unapita kwa sekunde moja na robo. Modemu ya 33,600 ingeupitisha kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, lakini kabla ya kuanza ingelazimika kuipima laini: ni milio ipi inapita vizuri, ipi inafifia, mwangwi unarudi baada ya muda gani. Vipimo hivyo huweza kuchukua sekunde kumi au zaidi. Modemu ya V.22 haihitaji vipimo vingi namna hiyo. Watengenezaji wa mashine za kadi walifupisha hata salamu zake za mwanzo, ikawa mashine mbili zinaelewana ndani ya muda wa sekunde moja au mbili hivi. Aliye mwishoni mwa foleni anaiona tofauti hiyo.

Sababu ya pili ni uvumilivu. Laini ikiwa na kelele, kutu kwenye maungio, au maji ya mvua kwenye mfereji wa waya, modemu ya kasi kubwa hushindwa mapema. Ile ya 300 hutofautisha milio miwili tu, kama mtu anayetofautisha filimbi na zumari katikati ya soko, na huendelea kuelewa pale ambapo hata mazungumzo ya kawaida yamekuwa ya shida. Mashine za faksi zinalijua hilo. Hata ile inayotuma kurasa kwa kasi ya 14,400 huanza kwa kusalimiana na mwenzake kwa biti 300, kwa milio ya V.21, kwa kuwa salamu ndiyo isiyopaswa kukosewa.

Wafaransa nao waliona kwamba kasi si lazima ilingane pande zote. Mitambo yao ya Minitel, iliyokuwa majumbani hadi huduma ilipofungwa tarehe 30 Juni 2012, ilipokea biti 1,200 kwa sekunde na kutuma 75 tu. Biti 75 kwa sekunde ni herufi saba hivi, na vidole vya mtu wa kawaida havikimbii kuliko hapo.

Programu ndani ya chipu

Modemu za mwanzo zilikuwa masanduku yaliyojaa vichujio, koili na vipuri vilivyorekebishwa kwa mkono. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilipoingia sokoni chipu maalumu za kuchakata ishara, kazi ile ilihama polepole kutoka kwenye vipuri kwenda kwenye programu. Chipu hupokea vipimo 8,000 vya laini kila sekunde, na kati ya kipimo kimoja na kingine ina sehemu 125 za milioni ya sekunde kufanya hesabu zake zote. Kuhesabu kama mlio fulani upo au haupo kunawezekana kwa mbinu nyepesi sana, ikiwamo iliyochapishwa na Gerald Goertzel mwaka 1958, kabla chipu zenyewe hazijakuwapo. Ndiyo maana programu ya modemu ya kasi ndogo inaweza kukaa katika chipu ya bei nafuu, pembeni ya kazi nyingine za kifaa, bila mnunuzi kujua kwamba ipo.

Hapa ndipo tunapomwomba mtumiaji awe makini, kwa kuwa mambo matatu yanafuata kutokana na modemu kuwa programu.

Kwanza, vifaa viwili vyenye chipu moja vinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Kimoja kikishindwa kuelewana kwa V.22bis hushuka chini hadi V.22 na kuendelea. Kingine hukata simu. Kimoja hurudia kupiga, kisha hujaribu namba ya akiba, kisha huwasha taa na kulia; kingine hujaribu mara chache na kunyamaza. Muuzaji anayesema kwamba vifaa hivyo ni sawa kwa kuwa vina chipu ya aina moja hajakwambia lolote kuhusu kitakachotokea usiku wa tukio.

Pili, programu hiyo lazima iijue nchi iliyomo. Mlio wa kusubiri kupiga namba, mlio wa simu kuwa na mtu na mlio wa kuita haufanani katika nchi zote. Kifaa kilichopangiwa Marekani kinaweza kuinua laini, kikasikia mlio kisichoutambua, kikadhani laini imekufa. Mashine ya upande wa pili nayo hujitambulisha kwa mlio wa mitetemo 2,100 kwa sekunde katika kanuni za kimataifa, na 2,225 katika ile ya Bell. Tumeona vifaa vilivyoagizwa na mtu binafsi kutoka nje, vya bei nzuri na vya ubora wa juu, vikifanya kazi kwa kubahatisha kwa sababu tu hakuna aliyebadilisha mpangilio wa nchi. Kifaa kilichoidhinishwa kwa matumizi ya hapa nchini hupunguza uwezekano huo, na ni haki yako kumwomba muuzaji akuonyeshe uthibitisho.

Tatu, programu huweza kusahihishwa. Mtengenezaji anayetoa matoleo mapya anaweza kuondoa kasoro bila wewe kununua kifaa kingine. Muulize anayekiuza kama jambo hilo linawezekana, nani hulifanya, na kwa malipo gani.

Baadhi ya ving'ora, inafaa tuongeze, havina modemu kamili. Husubiri milio miwili ya kukaribishwa, wa 1,400 na wa 2,300, kisha hubonyeza tarakimu 16 kwa milio ile ile ya vitufe vya simu, na kusubiri mlio wa shukrani kabla ya kukata. Tarakimu hizo zina namba ya mteja, aina ya tukio na mlango uliohusika. Yote tunayoeleza hapa chini yanavihusu na hivyo pia.

Njia mpya ya sauti

Waya wa shaba ulibeba mlio kama ulivyo hadi kituo cha simu. Laini mpya, iwe ya faiba au ya mnara wa simu, hukata sauti vipande vipande, kila kipande huweza kuwa cha sehemu 20 za elfu ya sekunde, na kuvituma kama data. Kufikia hapa hakuna tatizo. Sauti ikitumwa bila kubanwa, kwa biti 64,000 kwa sekunde, milio ya modemu ya kasi ndogo hupita vizuri kwa kawaida. Tatizo huja mtoa huduma anapochagua kuibana ili kubana matumizi ya mtandao. Namna moja inayotumika sana hushusha biti hizo hadi 8,000. Simu za mkononi za kizazi cha pili zilianza na 13,000.

Kinachofanyika ili kuibana sauti kiasi hicho kinastaajabisha. Mtambo hautumi sauti yenyewe. Hukisia ni umbo gani la koo, ulimi na midomo lingeweza kutoa sauti hiyo, hutuma maelezo ya umbo hilo, na mtambo wa upande wa pili huiumba sauti upya. Kwa kuwa sote tuna koo, ukisio huo huwa karibu sana na kweli, na sikio halilalamiki. Modemu haina koo. Milio yake inapopitishwa katika mtambo huo hutoka ikiwa na sura nyingine, na ile miruko ya wimbi ambayo V.22 huitegemea hupotea. Ndivyo ilivyokuwa kwa duka la dawa. Laini ilikuwa nzuri kwa kila aliyeinua mkono wa simu, na mbovu kwa kile kisanduku kilichokuwa ukutani nyuma ya mlango.

Lipo pia suala la vipande vinavyopotea njiani. Kipande kimoja kikipotea katika mazungumzo, mtambo huziba pengo kwa kurudia kilichotangulia na hakuna anayegundua. Kwa modemu ya 300 pengo hilo ni biti sita. Kwa ya 1,200 ni biti 24. Kwa ya 33,600 ni biti 672. Kwa hiyo kasi ndogo hapa pia ina nafuu, ingawa biti sita za namba ya mteja zikipotea zinatosha kuharibu taarifa, na kifaa kizuri ni kile kinachotambua kosa na kurudia.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni umeme. Waya wa shaba ulileta umeme wake kutoka kituo cha simu, takriban volti 48, na simu ya kawaida iliendelea kufanya kazi hata mtaa mzima ukiwa gizani. Kisanduku cha faiba hutegemea umeme wa nyumbani kwako. Ukikatika, laini hufa pamoja nao isipokuwa kuna betri ya akiba, na mwizi anayezima swichi kuu sasa huzima na simu pia. Hili, kwa maoni yetu, ndilo ambalo mafundi husahau kulieleza kuliko yote.

Nchi nyingine zimepita njia hii kabla yetu na zimelipa gharama. Uingereza inaondoa mtandao wake wa zamani wa simu, na watu zaidi ya milioni moja nchini humo, wengi wao wazee wanaoishi peke yao, huvaa kitufe shingoni ambacho wakianguka hukibonyeza na kisanduku cha nyumbani hupiga simu kuomba msaada. Mwaka 2023 ilibainika kwamba baadhi ya vifaa hivyo vilishindwa kupiga baada ya laini kubadilishwa. Desemba mwaka huo makampuni makubwa ya simu yalikubaliana na serikali kusitisha kuwahamisha watu wasioomba kuhamishwa hadi ulinzi wao uhakikishwe, na baadaye tarehe ya kuufunga mtandao huo ikasogezwa hadi Januari 2027. Ikiwa taifa lenye orodha za wateja zilizo kamili lilishangazwa na vifaa ambavyo hakuna aliyejua viko wapi, sisi tuna sababu zaidi ya kuanza kuhesabu vya kwetu.

Kabla ya kukubali laini mpya

Tembea ndani ya jengo lako ukifuata waya wa simu. Usiitegemee kumbukumbu. Laini ya mezani mara nyingi huwa na tawi lililofungwa na mpangaji aliyekwishaondoka, na mwisho wa tawi hilo unaweza kukuta faksi, mashine ya kadi iliyowekwa kama akiba, kisanduku cha king'ora au chumba cha mitambo ya lifti. Andika kila unachokikuta, pamoja na jina la aliyekifunga.

Kisha mwambie mtoa huduma, kwa maandishi, kwamba laini hiyo inabeba vifaa vinavyotumia modemu, na umwulize iwapo sauti itabanwa. Huhitaji kujua majina ya viwango. Sentensi moja inatosha: laini hii ina king'ora na mashine ya kadi vinavyopiga simu vyenyewe, je, mtaipitisha sauti bila kuibana, na mtaijaribu pamoja na vifaa hivyo kabla ya kuondoka? Mtoa huduma anaweza kuiweka laini moja katika mpangilio usiobanwa bila kubadilisha za wengine. Kwa faksi ipo pia njia maalumu inayobeba kurasa kama data badala ya milio, lakini mitambo yote miwili ya njiani inapaswa kuikubali.

Mjulishe pia aliye upande wa pili wa simu, yaani kampuni ya ulinzi, benki au kampuni ya lifti, na uombe siku ya kubadilisha laini awepo mtu wa kupokea jaribio. Hili ndilo lililokosekana katika lalamiko tuliloanza nalo. Fundi alijaribu laini kwa sauti yake mwenyewe. Jaribio halali ni la kifaa chenyewe: kengele iguswe, kitufe cha lifti kibonyezwe, malipo madogo yafanywe kwa kadi, na aliye upande wa pili athibitishe kwamba amepata taarifa kamili, siyo kwamba simu imeita tu. Ifanyike zaidi ya mara moja, kwa kuwa laini inayobana sauti wakati mwingine hupitisha ujumbe mmoja kwa bahati na kushindwa na wa pili. Kisha zima umeme wa jengo na ujaribu tena. Usitie saini kabla ya hapo.

Visanduku vingi vya king'ora vinaweza kupangwa kutuma ujumbe wa jaribio kila siku, na kituo kikaarifu mteja usipofika. Mara nyingi tumekuta umepangwa kuwa wa kila mwezi au haukupangwa kabisa, kwa kuwa hapo zamani kila simu ilihesabiwa kwenye bili. Katika duka la dawa kulikuwa na taa ya njano kwenye kisanduku iliyowaka tangu wiki ya kwanza ya laini mpya. Ilimaanisha kwamba kisanduku kimeshindwa kuwasiliana. Wafanyakazi waliiona na kudhani ni taa ya umeme. Waulize waliokifunga kifaa chako maana ya kila taa, na uibandike maana hiyo ukutani.

Kama kifaa ni cha zamani sana na hakuna toleo jipya la programu yake, tafakari kuhamia kifaa kinachotuma taarifa kama data kwa intaneti au kwa laini ya mkononi, bila kupitia milio. Mashine nyingi za kadi zimekwisha kuhamia huko. Tahadhari na kifaa kinachouzwa kama kiunganishi, ambacho hugeuza laini ya mkononi kuwa tundu la simu ya mezani: kwa maongezi ni kizuri, lakini king'ora kikichomekwa humo milio yake hupita tena katika ule mtambo wa koo na ulimi.

Ukiwa na lalamiko

Lalamiko huanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Mpe kwa maandishi na uombe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu yake, lilete kwetu. Tunaomba uje na tarehe laini ilipobadilishwa, karatasi uliyotia saini, jina na namba ya mfano ya kifaa kama ilivyoandikwa kwenye kibati chake, na toleo la programu ikiwa linaonekana. Kinachotusaidia zaidi ni kumbukumbu za pande zote mbili: za kifaa chako, zinazoonyesha saa kilipopiga, na za kituo, zinazoonyesha kilichopokewa saa hiyo hiyo. Kumbukumbu za aina hii hufutwa na mashine baada ya muda, kwa hiyo ziombe mapema, hata kabla hujaamua kama utalalamika.

Ikiwa uliandika kwa mtoa huduma kwamba laini inabeba king'ora, naye akaibana sauti bila kukuarifu, tunayo nafasi pana ya kukusaidia. Ikiwa hakuna aliyejulishwa, kazi yetu huwa ngumu, maana kila upande utaonyesha kwamba ulitimiza mkataba wake. Katika shauri la duka la dawa, mtoa huduma alikubali kuiweka laini katika mpangilio usiobanwa na kufunga betri ya akiba bila malipo, na kampuni ya ulinzi ikapanga ujumbe wa jaribio wa kila usiku. Thamani ya dawa zilizoibwa haikurudishwa na upande wowote, na sisi hatukuwa na mamlaka ya kuamuru irudishwe.